Kabla ya kusema hatusomi, tazameni vitabu vilivyochakaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu aliyetukumbusha, kwa mara nyingine, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liweke kwenye maandishi. Msemo huu haukosi kurudi kila panapofanyika maonesho ya vitabu, na kila anayeutoa huutoa kana kwamba kaubuni yeye jana usiku. Safari hii umesindikizwa na malalamiko tuliyoyazoea: vijana wameinamia simu, maduka ya vitabu yamegeuka ya madaftari na kalamu, mwandishi akichapa nakala zake huzeeka nazo uvunguni. Mengi ya hayo siyapingi. Nilichoshindwa kukimeza ni sentensi yake ya mwisho, kwamba sisi "hatujawahi kuwa watu wa kusoma". Hatujawahi? Nani alikwenda kutazama?

Mimi nauza vitabu vilivyotumika, kando ya barabara katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mzigo wangu hutoka kwenye nyumba za walimu wastaafu waliotangulia mbele ya haki, shule zinazosafisha stoo, ofisi zinazohama, na kwa jamaa wa karatasi chakavu wanaonunua kwa kilo. Kitabu hunifikia kimekwisha kupita mikononi mwa watu. Nakipata kina doa la mafuta ya taa, kina tiketi ya basi ukurasa wa sitini, kina hesabu ya mchele, sukari na sabuni nyuma ya jalada. Ndani ya gamba hukuta mwandiko wa mwanafunzi: "Kitabu hiki ni mali yangu, ukikiokota nirudishie," kisha jina. Jina hilo limekatwa, chini yake lipo lingine kwa wino mwingine, nalo limekatwa, chini yake la tatu. Kuna kitabu kimoja cha hadithi ambacho mtu wa mwisho hakupata pa kuandika jina lake, akaandika pembeni kwa kupinda, kama anayepenya kwenye daladala iliyojaa.

Miaka yote hii imenifunza jambo moja ambalo mwandishi wenu halijui, maana yeye hutazama rafu na mimi natazama kilichotoka kwenye rafu. Kitabu kilichosomwa sana ndicho kisichopatikana. Chukua Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotolewa mwaka 1965. Wateja wa makamo huiulizia mpaka leo. Nikiipata haina jalada, au kurasa za mwisho zimekwenda zake, na hadithi ya upelelezi isiyo na kurasa za mwisho ni mateso matupu. Sasa nikuoneshe upande wa pili. Makabrasha ya hotuba, miongozo ya semina, vitabu vinene vya msaada kutoka nje: hivyo huja vimenyooka, vinang'aa, kurasa nyingine bado zimeshikana kama vilivyotoka kiwandani. Mtu akiingia kwenye stoo ya shule akakuta vitabu vizima vitupu, atatoka anasema hapa hawasomi. Vilivyosomwa havikumsubiri. Vilikwisha siku nyingi, ukurasa kwa ukurasa.

Hili nililijua kwa macho tu, sikujua kama wenye elimu yao wamelipa jina. Aliyenifumbua ni mteja mmoja, binti aliyekuwa akisomea uzamivu. Nilimtolea nakala safi ya riwaya aliyoitaka, nikaifuta vumbi kabisa. Akaisukuma pembeni. "Mzee wangu, samahani, naomba kile kichafu." Nikamwambia mwanangu hiki kina maandishi ya watu kila ukurasa. Akacheka, akasema ndiyo sababu anakitaka, tena alilipa bei ya kile kisafi. Ndipo akanieleza kwamba ipo taaluma nzima, inaitwa historia ya vitabu, inayouliza mambo ambayo mimi nimeyauliza kwenye meza yangu bila kulipwa: kitabu hiki kilichapwa wapi, karatasi ilitoka wapi, kiliuzwa bei gani, kilisafiri kwa njia ipi, nani alikishika, na kikamfanya nini.

Alipoona nimenogewa aliendelea kuniletea makala. Nikajua kwamba mwaka 1958 huko Ufaransa Lucien Febvre na Henri-Jean Martin walitoa kitabu juu ya kuzaliwa kwa kitabu cha chapa, Febvre mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, nao hawakuanza na mashairi wala falsafa. Walianza na karatasi, herufi, mtaji na mishahara ya wachapaji. Mwaka 1982 Mmarekani Robert Darnton akachora mduara: mwandishi, mchapishaji, mpiga chapa, msafirishaji, muuza vitabu, msomaji, na kutoka kwa msomaji kurudi kwa mwandishi. Muuza vitabu yumo, Mhariri. Nakiri nilijisikia vizuri. Nimefukuzwa na askari wa jiji mara nyingi, lakini sikuwahi kuwekwa kwenye mchoro wa kitaaluma.

Huyo Darnton aliwezaje kujua habari za wasomaji waliokufa zamani? Kwa sababu mji wa Neuchâtel, Uswisi, ulikuwa na kampuni ya uchapishaji katika karne ya 18, karibu na mpaka wa Ufaransa, iliyopiga chapa na kuuza hata vitabu vilivyokatazwa na mfalme wa Ufaransa. Kampuni ilikufa, makaratasi yakabaki: barua zipatazo 50,000, pamoja na madaftari ya hesabu. Muuza vitabu wa mji mdogo anaandika aletewe nakala kadhaa za kitabu hiki, kile hakitoki, na mzigo uliopita ulilowa mvua njiani. Kutokana na barua hizo za kibiashara ikajulikana watu wa Ufaransa walikuwa wakitamani kusoma nini kabla ya mapinduzi ya 1789, na haikuwa falsafa peke yake. Umbeya wa ikulu ya mfalme ulikuwa ukitoka vizuri sana. Wanadamu ni wale wale.

Tuje kwetu. Mwandishi wenu anazungumza kana kwamba kusoma kuliletwa na meli ya wamisionari. Mshairi Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858 kule visiwa vya Lamu, kwa ajili ya binti yake, na kwa miongo kadhaa utenzi huo ulitembea pwani kwa kunakiliwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti kabla mashine yoyote haijaugusa. Herufi zake zilikuwa za Kiarabu. Wajerumani walipoanza kutawala, wenyewe ilibidi waandikiane na maliwali na maakida, watawala wa miji na vijiji, kwa Kiswahili cha herufi hizo hizo, kwa kuwa ndiyo maandishi waliyoyakuta. Unguja mjini, kufikia miaka ya 1880, wamisionari wa Kiingereza walikuwa na mtambo wao na Sultani Barghash alikuwa na wake, huku wanachapa masomo ya Kikristo kwa Kiswahili, kule wanachapa vitabu vya sheria vya madhehebu ya Ibadhi kwa Kiarabu. Mji mdogo ule! Leo kuna wilaya zetu ukitaka kuchapisha kadi ya harusi lazima upande basi.

Likaja gazeti la Mambo Leo, Januari 1923, likitolewa Dar es Salaam na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Nia ya serikali tunaijua. Lakini nenda kasome ukurasa wa mashairi. Watu wa Tanga, Lindi, Tabora na Kigoma walikuwa wakiulizana na kujibizana kwa vina na mizani, mwezi hadi mwezi, na humo ndimo wengi walipoanza kumjua karani mmoja wa Tanga aitwaye Shaaban Robert. Babu yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alikuwa na mashairi ya Mambo Leo kwa ghibu. Aliyapata barazani, kwa jirani aliyekuwa akipokea gazeti na kulisoma kwa sauti baada ya sala ya alasiri, wazee wakimsimamisha kila beti wapate kubishana. Sasa niambie, babu huyo ni msomaji au si msomaji? Ukihesabu nakala zilizouzwa, hayumo. Ukiuliza ni nani aliyeweza kukueleza shairi lililotoka mwezi uliopita na kosa lake la mizani, ungepelekwa kwake. Waliotuhesabu kwa idadi ya nakala walihesabu karatasi, masikio wakayaacha.

Na njia za vitabu vyenyewe ni hadithi isiyosimuliwa. Pambo la Lugha, mashairi ya huyo Shaaban Robert, lilitolewa mwaka 1947 na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, katika mfululizo wa vitabu vya lugha za Kiafrika. Johannesburg! Mtunzi yuko Tanganyika, wasomaji wako pwani hii, mtambo uko Afrika Kusini. Barua zilipitaje? Nakala zilirudi kwa meli gani, zikauzwa na nani, kwa shilingi ngapi? Kila mwaka wanafunzi wetu wanaandika tasnifu juu ya maudhui na fani ya Shaaban Robert, na mimi nazipata zikija kwangu kama karatasi chakavu, kwa hiyo najua ninachosema: maudhui, fani, maudhui, fani. Aliyefuatilia shehena ya vitabu mimi sijakutana naye.

Mwaka 1948 ikaanzishwa Nairobi Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, ile ambayo watu wa umri wangu tuliiita kwa kifupi "Literature Bureau". Ilitoa vitabu, ikapeleka masanduku ya vitabu vijijini, ikaazimisha vitabu kwa posta. Fikiria mtu yuko mbali na mji, anaandika barua, analetewa kitabu, anakisoma, anakirudisha, analetewa kingine. Nimewahi kushika nakala zenye mihuri ya namna hiyo, tarehe juu ya tarehe. Wakubwa wa Idara walipenda watu wasome ukulima na usafi. Wakaitisha mashindano ya hadithi mwaka 1957 na 1958, na aliyeshinda ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja na Mzimu wa Watu wa Kale, uliotoka mwaka 1960. Ofisi ya serikali ya kikoloni iliyokusudia kutufundisha kuchimba vyoo ikajikuta imetuzalia Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, na kiko chake. Miaka mitano baadaye ikatoa hiyo Simu ya Kifo niliyoitaja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Idara nayo ikaenda nayo.

Lakini ninachotaka mwandishi wenu akisome mara mbili ni habari ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1975 walikuwa wamebaki asilimia 39. Mama yangu alikuwa mmoja wa waliovuka katikati ya tarakimu hizo mbili. Alikwenda jioni, na khanga yake na kibatari, akakaa kwenye dawati la mwanawe. Vitabu vya kuanzia vilikuwa vya pamba, migomba, uvuvi, kutegemea mahali. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: kikundi kinakaa kuzunguka redio, kijitabu mkononi, kipindi kikiisha wanasoma na kujadili, kisha wanakwenda kuchimba choo. Waliojiunga walikaribia milioni 2. Kanda ya Ziwa kukawa na gazeti lao la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kuanzia 1974, kwa ajili ya watu waliokwisha kujua kusoma wasije wakasahau.

Nani leo ana mafungu kamili ya magazeti hayo? Nani ana vile vijitabu, si vipya vya ghalani bali vilivyotumika? Mimi vimenipitia vichache. Kimoja kilikuwa na mistari ya penseli chini ya kila silabi, ukurasa wa kwanza mistari imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka, na kadiri unavyofunua mistari inapungua nguvu, hadi ukurasa wa ishirini na kitu hakuna mstari tena. Mtu amejua kusoma, hahitaji penseli. Nilimuuzia mwalimu mmoja mstaafu, na hata leo najiuliza alikipeleka wapi, kwa sababu ile mistari ingemtosha mtafiti kuandika sura nzima.

Vitabu hivi havipotei kwa laana. Vinapotea kwa bei. Kilo ya karatasi ina mnunuzi kila siku, mama wa karanga na mama wa maandazi wanahitaji vifungio, nami simlaumu yeyote kati yao. Nimekula karanga nyingi nikisoma kifungio. Tatizo linaanzia juu. Shule moja ya sekondari, sitaitaja, ilipopata kompyuta iliwaambia vijana wachane kadi zote za kuazimia vitabu wazitie moto, eti ni uchafu wa zamani. Miongo kadhaa ya kujua nani aliazima nini ikaisha mchana mmoja. Na sisi wauzaji mnatufundisha vibaya, kwa sababu mteja anataka kitabu kisafi, basi tunapiga msasa kingo, tunachana ukurasa wenye majina, tunabandika karatasi juu ya muhuri. Wengine wanapeleka kwenye mashine ya kukatia, pembezoni zinaondoka na maoni yote ya msomaji. Siku hizi kuna miradi ya kupiga picha vitabu vya kale viwekwe kwenye intaneti, jambo jema, ila naona kila mara inatafutwa nakala iliyo safi kuliko zote, zile chafu zinasemwa ni za ziada. Hata sheria inayomtaka mchapishaji apeleke nakala Maktaba Kuu inatupa kitabu siku kilipozaliwa. Maisha yake hayamo.

Niko na daftari moja nililolinunua kwa kilo, ndani ya furushi lililokuwa njiani kwenda kwa muuza karanga. Ni daftari la mauzo la duka la vitabu la mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, la miaka ya mwanzo ya themanini, limeandikwa kwa mkono wa mtu mwenye hati nzuri na subira. Kila siku ina mistari yake. Madaftari na kalamu ndiyo yanayoongoza, sibishi. Vitabu vya nyimbo za kanisani na juzuu za madrasa vinakwenda mwaka mzima bila kelele. Halafu zinakuja wiki fulani ambapo hadithi za upelelezi na mapenzi zinauzwa mfululizo, ukurasa mzima, na mwenye daftari ameandika pembeni neno moja: "pamba". Wakulima wamelipwa. Ukiondoka msimu wa pamba, riwaya zinalala. Kwa hiyo kulikuwa na mkulima aliyeshika fedha za jasho lake, akapita kwenye sukari, akapita kwenye khanga ya mkewe, akabakiza za kununua hadithi. Huyo ndiye Mwafrika tuliyemficha mambo kwenye maandishi?

Nimejaribu kulitafutia daftari hili mahali. Ofisi moja iliniambia wao hupokea kumbukumbu za serikali, si za maduka. Maktaba moja ikaniambia si kitabu. Jumba la makumbusho likaniuliza kama lina umri wa miaka mia. Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako, Mhariri: vyuo vikuu vyetu vyenye idara za Kiswahili na historia viwafundishe vijana kazi hii, waache kidogo maudhui na fani waende kwenye stoo za wachapishaji kabla panya hawajamaliza, na wachapishaji waliobaki, na watoto wa waliofunga, wasiuze makabrasha ya baba zao kwa kilo. Barua ya mteja anayelalamika kwamba kitabu kimefika kimelowa ni mali. Risiti ya karatasi kutoka bandarini ni mali. Orodha ya madeni ya wauza vitabu wa mikoani ni mali kuliko zote, kwa kuwa itatuambia ni wapi vitabu vilikwenda hata kama fedha haikurudi.

Mwandishi wenu namkaribisha mezani kwangu. Chai ya tangawizi iko jirani. Nitamwonesha daftari hilo ukurasa kwa ukurasa, ila siliuzi kwake wala kwa mtu yeyote anayekuja na mizani. Atakayelitaka kwa kulitunza aje na barua ya ofisi yake yenye muhuri, anieleze litakaa kwenye chumba gani na nani ataruhusiwa kulisoma. Siku za mvua sifungui.

Muuza vitabu vilivyotumika,
Dar es Salaam
(Jina na anwani unavyo, Mhariri)